Nyumba ya Clarrie Kule Eden

Mji mzima wa Benalla, Australia, hapakuwa na mtu aliyezijua nyumba kama Noelene Tuckett. Alijua ipi inavuja, ipi ina panya, na ipi mlango wake wa nyuma haufungi mpaka uupige teke. Angekosaje kujua? Alishapanga katika karibu zote, akifukuzwa na kila mwenye nyumba aliyekumbuka ghafla kwamba ana kijana anayetaka kuoa.

Basi Jumamosi ile, dalali aliposimama kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao ya rangi ya maziwa, majirani wamejaa barabarani kama wamealikwa harusini, Noelene aliinua mkono na hakuushusha. Wanunuzi wenzake waliinua, wakashusha, wakanong'onezana na wake zao. Mkono wa Noelene ulibaki juu kama mlingoti. Dalali akajipiga kiganjani kwa karatasi aliyoikunja: imeuzwa! Na mnadani hakuna kurudi nyuma. Akiba yote ya maisha yake ya kukaanga chipsi kwenye kantini ya shule ikaenda siku hiyohiyo, malipo ya awali.

Jumatatu aliketi na mumewe, Clarrie, mbele ya Bi Hatzis, mtengeneza hati za ununuzi wa nyumba.

"Mnanunua nyumba ya kwanza," alisema Bi Hatzis, "kwa hiyo serikali inawasamehe kodi ya uhamisho wa umiliki. Na ni vizuri, maana..."

"Maana hatuna cha kuilipia," Noelene alidakia. "Usione haya, mama, sema tu."

"Ila pasiwe na mmoja wenu, hata kabla hamjaoana, aliyewahi kumiliki nyumba ya kukaa popote Australia."

Noelene akakitua kikombe cha chai mezani. Eden!

Nani asiyeijua nyumba ya Clarrie kule Eden, mji wa pwani? Mzee huyu aliendesha malori ya sufu ujana wake wote, na hakuna safari ambayo hakuibeba nyumba ile pamoja na mzigo. Dari likivuja, kodi ikipanda, yeye huegemea kiti na kuanza: "Nilipokuwa na nyumba yangu Eden..." Kibaraza kinatazama bahari. Nyangumi wanapita yeye akinywa chai. Mlimau kaupanda kwa mkono wake. Halafu mke wa kwanza akaja kuchukua kila kitu. Noelene hakuwahi kumwonea wivu mke yule. Aliionea wivu nyumba.

"Andika hapana," Clarrie alisema haraka.

"Usiandike! Watafukua, watatupiga faini, na nyumba iende. Bi Hatzis, nikimwacha leo itasaidia?"

"Nolly!"

"Nyamaza, bwana, nafikiri. Mume nimekuwa naye siku zote. Nyumba sijawahi."

Bi Hatzis alikohoa kuficha kicheko. "Talaka haitoki mchana mmoja. Hiyo nyumba ilikuwa mtaa gani, mzee? Nitafute kwenye daftari la ardhi."

"Mtaa... walibadilisha jina."

"Haidhuru. Nitatafuta kwa jina lako."

Vidole vyake vikacheza kwenye kompyuta. Clarrie alikuwa amewiva wekundu, shingoni mpaka masikioni.

"Hakuna," alisema Bi Hatzis. "Eden hakuna, na kwingine hakuna. Hongereni, msamaha ni wenu."

"Watakuwa wameipoteza," Clarrie alinong'ona. "Zamani waliandika kwa mkono."

Noelene alimgeukia polepole. Nyumba yake ilikuwa imeokoka na ya Clarrie imebomoka, zote kwa neno moja, na hakujua acheke ipi au alilie ipi.

"Kibaraza?"

"Cha karavani ya kukokotwa na gari. Tulikodi likizo moja."

"Na mkeo alichukua nini?"

"Redio."

Akakumbuka ua wa nyuma wa nyumba ile ya rangi ya maziwa, mtupu, haujapandwa kitu. Sauti yake ikashuka.

"Na mlimau, Clarrie?"

Mzee aliinama kufunga kamba ya kiatu.

"Wa jirani. Lakini nilikuwa naumwagilia maji kila jioni."

"Clarrie."

"Mara moja tu," alisema. "Na mvua ilikuwa inanyesha."