Maji ya Dirishani

Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa anashinda kitandani, ameupa ulimwengu kisogo. Mimi ni binti yake wa pekee na subira sina. Nikamletea vifaranga wa siku moja, nikamwambia asipowalea watakufa wote. Kesho yake nikamkuta yuko macho mapema, amepiga magoti kando ya boksi.

Fundi cherehani mstaafu akawa yaya. Chakula cha dukani alikikataa, eti hajui wamechanganya nini humo. Akawapa pumba za mahindi tupu. Nilibishana naye hadi nikachoka, maana mzee wangu ukimwambia moto unachoma, atataka kwanza aupime kwa tepu. Tukapatana: pumba zake, na vitamini zangu za unga kwenye maji. Alizikoroga mwenyewe bila kukosa. Akaanza kunyoa ndevu. Akaanza hata kunigombeza, nami nikafurahi kugombezwa.

Kisha vifaranga wakaanza kutambaa kwa magoti, vidole vimejikunja ndani. Nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole. Akamgeuza kifaranga kiganjani, akauliza maji yao yanakaa wapi.

Baba akamwonyesha kwa fahari chupa za kioo alizozipanga dirishani. "Mtoto mchanga hapewi maji ya baridi, daktari. Nayachanganya, yanashinda juani mpaka yapate uvuguvugu."

"Mzee wangu, vitamini ya kunyoosha vidole inaharibiwa na mwanga. Na kwenye pumba ni kidogo mno. Walikuwa wanakunywa maji matupu."

"Nikiyaweka gizani sasa?"

"Wachache huenda wakainuka. Hawa waliokwisha kulala, pole sana."

Daktari alipoondoka, Baba alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama mikono yake. Nikamwambia ajali haina kinga, tutaanza upya, maneno ya kuokota tu. Nilikuwa namkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

"Dawa za mama yako," akasema, "zile za maji. Nazo nilikuwa naziweka pale pale. Hakupenda kunywa kitu cha baridi."

"Zile ni tofauti, Baba."

"Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo, na Baba tangu nikiwa mdogo anajua nikidanganya.