Kumfunika Msajili

Ofisi ya vizazi ilipofunga dirisha lake, tuliambiwa msajili atatukuta kwenye simu ya video. Mimi nilitaka cheti cha kuzaliwa. Bila hicho nisingeweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, niliyoiacha njiani. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mama Mkasi, fundi cherehani ninayemshonea vifungo, alituazima simu yake. Aliiegemeza kwenye cherehani, akatoka kwenda barazani na pasi yake. Shangazi, aliyenilea tangu mama alipofariki, ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Alinisogelea mpaka bega lake likaingia kwenye picha.

Msajili akatokea. Alikuwa na tai shingoni na friji nyuma yake.

"Shikamoo, baba," nikasema, macho mapajani.

"Marahaba. Unaitwa nani, binti?"

Shangazi akalitaja jina langu.

"Namuuliza yeye, mama."

"Huyu ukimngoja, utakula cha mchana na cha usiku hapo hapo jikoni kwako."

"Nitakula. Sufuria iko karibu."

Akatueleza kwamba kwanza simu itapiga picha ya uso, na lazima macho yaonekane. Unajaribu mara tatu tu. Ya tatu ikikataliwa, ombi linafungwa, na zamu nyingine hupatikana baada ya miezi miwili.

Mara ya kwanza nilijitahidi, lakini nilipoona uso wake wa mtu mzima, macho yakaanguka yenyewe. Simu ikalia, imekataa.

"Nitazame, binti. Sina pembe."

Shangazi akaninyanyua kidevu kwa vidole viwili. Kichwa kikapanda, macho yakabaki chini. Ikakataa tena.

"Kosa ni langu," shangazi akamwambia. "Nilimfundisha asimkodolee mkubwa macho, akalishika somo kupita kiasi. Kuosha vyombo nilimfundisha siku ile ile, hilo halijamwingia hadi leo."

"Imebaki moja," msajili akasema taratibu. "Pumzika kwanza. Sina haraka."

Nikakaa nikifikiri. Kilichokuwa kinapiga picha ni kile kitundu cheusi juu ya simu. Yeye alikuwa chini yake. Pembeni yangu palikuwa na kipande cha bitana, mabaki ya koti. Nikakichukua.

"Samahani, baba. Naomba nikufunike."

Shangazi akanikanyaga mguu.

"Unifunike?"

"Uso tu. Kitundu nitakiacha wazi."

Akaisukuma miwani yake juu, akasema, "Haya, nifunike. Mimi nitakuona."

Shangazi akaipokea bitana, akaenda nyuma ya cherehani, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kioo cha simu. Nikabaki na kitambaa na kitundu. Kitundu hakina umri wala heshima ya kudai. Nikanyanyua macho, nikayaacha huko juu. Simu ikatoa mlio mwingine, mwembamba.

"Imekubali," sauti ya msajili ikatoka nyuma ya kitambaa. "Sasa maswali. Ujibu mwenyewe."

Akaniuliza nilizaliwa wapi na mama yangu aliitwa nani. Nikajibu. Akaniuliza kwa nini niliacha shule.

"Mama aliugua nikiwa darasa la tano," nikasema. "Nilikaa nyumbani kumuuguza."

 Shangazi akaachia mkono mmoja ajifute uso kwa kanga, na kona ya bitana ikaporomoka. Nusu ya uso wa msajili ikawa wazi, na jicho lake moja nyuma ya miwani likinitazama. Lakini nilikuwa katikati ya maneno, na yaliyobaki nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

"Alipofariki, wenzangu walikuwa wameshapanda darasa. Niliona aibu kurudi kukaa na watoto," nikamalizia, nikimwangalia.

Akaandika kitu.

"Cheti kitaingia kwenye simu hii kesho asubuhi, binti."

"Ahsante, baba."

Macho yakarudi mapajani. Shangazi akaiweka bitana mezani, akaikunja polepole mara nne.

"Kesho ni Alhamisi," akasema. "Tunawahi."