Safu ya Wanawake

Siku ya kumi Mama Fortunée alikuwa analala sakafuni katika wodi ya waraibu, pembeni ya kitanda cha mume wake Toussaint. Kazi yake ni kulinda mgonjwa: kupika bugali uani, kufua mashuka, kumshika Toussaint mabega akitetemeka. Akitetemeka yeye, hakuna wa kumshika. Anajifunga kitenge cha pili na kusema ni baridi ya ziwa, wakati jua la Kalemie siku hiyo lingeweza kukaanga ndagala bila mafuta.

Kokaini aliileta Toussaint, dereva wa lori njia ya Kabimba, asisinzie kwenye usukani. Wakati ule yalikuwa mambo ya wanaume. Kisha akamwonjesha mkewe, naye asichoke kuanika samaki. Sasa pale vichanjani tu Fortunée anajua wanawake saba wanaotumia. Kila mmoja ameficha yake kwenye pindo la kitenge, na wakikutana wanaongea bei ya chumvi.

Jumamosi Toussaint ataruhusiwa, na mkeka wa Fortunée utatoka naye.

Papa Ruffin, muuguzi mkuu, alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekimbizwa na mvua. Aliposikia kwamba Mama Fortunée aliwahi kufundisha, akamwita ofisini amwandikie ripoti ya mwaka. Fortunée akaingia, akafunga mlango.

"Papa, miye pia natumia. Miaka tatu imepita, huu wa ine. Uniandike, nipate kitanda."

Papa Ruffin akacheka polepole, kama anamfunika mtu aliye uchi.

"Wanawake hawatumii ile kitu, Mama. Umechoka tu na kulinda bwana."

"Angalia mikono yangu."

Hakuangalia. "Vitanda njo vya wanaume. Na nani atamupikia Toussaint? Nikikuandika, mutaa mzima utakuita malaya. Nakusaidia, Mama. Andika."

Akamsukumia karatasi. Wanaume: mwaka juzi wanne, mwaka jana tisa, mwaka huu kumi na saba. Fortunée akaziandika. Wanawake: sifuri, sifuri. Kisanduku cha tatu, cha mwaka huu, kilikuwa wazi.

Akaandika. Sifuri ikatoka imepinda, mkia wake umevuka mstari.

Papa Ruffin akainama, akafungua kichupa cha rangi ya kufutia, akapaka juu yake weupe mzito.

"Rudilia, Mama. Ikuwe ya muviringo."

Kutoka wodini Toussaint aliita, anaomba bugali.

Mama Fortunée akaishikilia kalamu kwa mikono miwili, akingoja ule weupe ukauke.