Arobaini na Mmoja wa Darini

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mtathmini aliweka hojaji zake mia moja na thelathini kwenye meza ya karani wa ruzuku, ndani ya ukumbi wa chuo, akaomba kiti. Kazi yake ilikuwa kupima kama ruzuku ya masomo inawafaa wanafunzi. Alikwisha kuipima mara mbili, na mara zote mbili aliandika kwamba inafaa kwa asilimia tisini na saba. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Asilimia, na wala si kwa mapenzi.

Ruzuku ilipaswa kutoka wiki ya kwanza ya muhula. Ilitoka wiki ya kumi. Katikati hapo, wenye ndugu wa karibu walikula kwa ndugu. Wengine walikula mlo mmoja, kisha nusu mlo, wakawa wepesi, na kufikia wiki ya saba miguu yao ikaacha kugusa sakafu. Darasani wenzao waliwashika mashati wasielee mbali. Wapo waliotia mawe mifukoni, lakini njaa haidanganywi kwa kokoto. Pesa zilipofika, walikuwa darini, vichwa vikigusa mbao.

Kanuni ilisema mnufaika asimame mbele ya meza na kutia sahihi ndani ya siku tano. Asiyefika mezani aliandikwa "amejiondoa". Hafanyi mtihani, na kwenye tathmini hahesabiwi. Hapo ndipo ile tisini na saba ilipopikwa, na mtathmini alikuwa mmoja wa wapishi. Hakuwahi kuuliza hao waliojiondoa wamekwenda wapi.

"Shikamoo, mama mdogo."

Aliinua shingo. Binti wa dada yake, mwaka wa tatu wa upimaji ardhi, alikuwa kando ya feni ya dari, begi mgongoni.

"Marahaba. Umekula lini?"

"Jana asubuhi."

"Na kwangu hukuja kwa nini?"

"Nauli, mama mdogo. Halafu wewe ndiye uliyeandika kwamba tunashiba."

Maneno yalimchoma. Akamgeukia karani. "Wapelekee daftari."

"Daftari haliondoki mezani, mama. Mimi mtu wa kutumwa tu."

"Basi leo limeondoka."

Alilikwapua, akaazima ngazi ya fundi umeme aliyekuwa akibadilisha balbu, akapanda. Karani alitazama saa yake, akaandika muda. Darini walikuwa arobaini na mmoja. Waliegemeza daftari kwenye mbao kwa kukosa pengine, na kalamu ya wino haiandiki ikielekezwa juu, kwa hiyo akawapa penseli. Wote walitia sahihi. Kisha akawasomea hojaji mmoja mmoja, mkono wa pili ukiwa umeng'ang'ania ngazi.

Mkurugenzi wa ruzuku alilipokea daftari Ijumaa, akalifunua kwa ncha ya kidole.

"Sahihi za penseli hatuzitambui," alisema. "Na hawa ukiwahesabu, ufanisi unashuka hadi sitini na sita. Wafadhili tutawaambia nini?"

"Waje watazame juu."

"Dada yangu, usijitafutie balaa. Andika kama ulivyoandika mwaka jana, weka sahihi hapa."

"Siweki. Hizo mbili za nyuma zinanitosha kwa aibu."

Mkurugenzi hakugomba. Aliweka yake. Ripoti ikachapishwa kwenye karatasi zinazong'aa, asilimia tisini na saba, na katika mapendekezo yote ya mtathmini likakubaliwa moja: misumari iliyochomoza darini ipigwe nyundo, kwa usalama wa wanafunzi. Mkataba wake haukuongezwa.

Siku ya mtihani wa kwanza alikwenda ukumbini bila kualikwa, akasimama nyuma. Msimamizi alisoma majina, akawataka wasiokuwemo kwenye orodha watoke. Wa darini hawakutoka. Hakuna aliyeweza kuwafikia, na fundi umeme, alipoombwa ngazi, alisema imevunjika. Wakayasoma maswali kwenye meza zilizokuwa chini yao, wakaandika kwenye karatasi zao kwa saa tatu kamili bila kumwomba mtu ruhusa. Binti wa dada yake aliomba karatasi ya ziada, na alipokosa kupewa akairarua kutoka kwenye daftari lake.

Muda ulipokwisha waliziachia kazi zao, zikashuka taratibu. Msimamizi alikusanya za mezani. Zilizoanguka sakafuni alizisogeza kwa mguu hadi mlangoni, zingoje ufagio.

Mtathmini akapiga magoti. Aliziokota moja moja, akihesabu kwa sauti, na alipoambiwa anyamaze akapaza sauti zaidi. Zilikuwa arobaini na moja. Alizipanga vizuri juu ya zile nyingine, mbele ya msimamizi. Msimamizi akaziondoa, akazitupa tena sakafuni.

Mtathmini akarudi magotini. "Moja," alisema.