Uso wa Sebagabo Ukutani

Faradji alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu pale Gisenyi, na wateja wake walijua kwamba suruali ikichelewa, kisa ni kamera. Ilikuwa kamera ya boksi, kuukuu, aliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyehama. Picha alisafisha mwenyewe kwenye stoo iliyozibwa kwa magunia, mpaka mkewe Mukandutiye akalalamika kwamba hata mboga zinanuka dawa.

Mwaka wa 1957 padri wa parokia alitangaza maonyesho ya kwanza ya sanaa za wenyeji. Faradji alikwenda kuuliza kama picha za kamera nazo ni sanaa. Padri akamjibu azilete, watu wataamua. Basi fundi akawa kama mtu aliyeposa. Aliwapiga picha wanawake wa Kanama chini ya mizigo ya viazi, akalipiga picha soko la Mahoko likinyeshewa. Wavuvi ndio waliobaki, na asubuhi moja akateremka ziwani kuwangojea.

Mitumbwi iliingia na ugomvi tayari, mbele ya watu waliokuja ufukweni kununua samaki. Nyavu za Sebagabo na za Munyakazi zilikuwa zimenasana huko majini, na Munyakazi, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote, alikuwa amezikata za mwenzake kwa kisu. Sebagabo aliruka kwenye maji ya magoti, akamkwida shati na kumpiga kichwa cha pua. Damu ikamwagika mpaka kidevuni. Kisha Sebagabo, akidhani yamekwisha, akageukia upande wa Faradji kuvuta mtumbwi wake.

Faradji alikuwa ameinamia kamera. Katika kioo chake kidogo cha kulengea alimwona Munyakazi akiokota kasia na kulinyanyua kwa mikono miwili. Mdomo wa Faradji ulifunguka apige kelele, lakini kidole kilitangulia kubonyeza. Kasia likatua kisogoni, kwa sauti kama ya kuni inayopasuliwa. Sebagabo aliangukia uso majini, na Munyakazi akampiga tena akiwa kule chini. Walipomtoa, macho yalikuwa wazi na mchanga umeyajaa. Hakufika hospitali.

Polisi walipouliza, mabaharia na wanunuzi wote walisema marehemu aliteleza akajigonga kwenye mtumbwi. Nusu yao walikula kwa Munyakazi, nusu walimwogopa. Faradji naye hakwenda polisi; alirudi nyumbani, akajifungia stoo. Picha ilipojitokeza ndani ya dawa, jambo la kwanza alilowaza ni kwamba hajawahi kupiga nyingine nzuri kama hiyo. Aliona haya kwa wazo hilo, akatoka kuitundika chumba cha cherehani ikauke.

Munyakazi alikuja jioni ile, pua imevimba. Hakusalimu.

"Ile picha iko wapi?"

Faradji akasema haijatoka. Munyakazi akamshika nywele, akampigiza uso kwenye cherehani mara mbili, kisha akaukandamiza mkono wake wa kulia juu ya meza na kuviponda vidole kwa mkasi mzito wa kukatia vitambaa. Fundi alilia kama mtoto. Picha ilikuwa ikikauka kwenye kamba, na Munyakazi akaichana vipande, kisha akamrudia kwa mateke ya mbavu. Mukandutiye aliingia kutoka uani na pasi ya mkaa mkononi. Aliizungusha kwa nguvu zake zote, ikampata Munyakazi shingoni, kifuniko kikafunguka, makaa yakamwingia ndani ya shati. Alitoka barabarani akinguruma, akijipigapiga kifua kinachotoa moshi.

Hakujua kwamba kila picha ina mama yake. Filamu ilikuwa bado stoo, na kwa mikono ya mkewe Faradji akatoa picha nyingine.

Béata, mjane wa Sebagabo, alikuja baada ya matanga. Alikuwa amesikia kwamba picha ipo. Aliishika ile picha muda mrefu bila kulia. Mumewe hakuwa amepigwa picha nyingine maishani. Faradji akamwambia anaweza kulikata kasia lile pichani, amwachie uso peke yake.

"Hapana, fundi. Usiikate," alisema. "Watu wote walikuwa pale, na hakuna mutu aliona. Uitundike vile iko. Waje waone."

Siku ya maonyesho Faradji aliitundika mwenyewe, katikati ya vinyago na mikeka. Padri alisita, akamtazama usoni, akaiacha. Watu waliingia wakicheka, wakafika pale wakasogea karibu. Walijiona: huyu amekunja mikono, yule ana kapu kichwani. Harerimana, baharia wa Munyakazi, alisimama akiitazama, mwishowe akasema mbele ya wote, "Alipigwa kwa nyuma. Mi nilikuwa pale."

Habari ikamfikia Munyakazi, akaja na panga. Alimkata Harerimana begani kabla hajafika ukutani, na hapo woga wa mji mzima ukageuka hasira. Walimvuta Munyakazi mpaka kwenye majani ya nje, wakamshindilia kwa ngumi, mawe na miguu ya viti, wale wale walioapa kwamba Sebagabo aliteleza. Faradji alijaribu kupenya awaamue, akasukumwa akauangukia mkono wake mbovu. Béata alitazama kutoka mlangoni, hakuwazuia. Polisi walimkuta Munyakazi akipumua bado, jicho moja limepotea. Alifungwa, na hakurudi tena Gisenyi.

Maonyesho yalifungwa mchana ule ule.

Vidole vya Faradji viliunga vibaya. Kushona aliweza, polepole, kamera hakuigusa. Béata alipokuja kuomba watoto wake wapigwe picha, fundi alitikisa kichwa. Mukandutiye ndiye aliyeichukua kamera, akawapanga watoto ukutani na kuwakemea wasimame wima. Picha ilitoka imeinama, paji la yule mkubwa limekatwa. Béata aliipokea kwa mikono miwili.