Faili la Fauzi

"Neno la siri si sahihi."

Mara ya kumi na moja hiyo. Monji, fundi wetu wa kompyuta, alisukuma kiti nyuma na kunitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Rawdha, dada yangu, una hakika hukulisahau?"

"Monji, nitakutwanga na hii kibodi."

Mwaka 2009 ofisi yetu ndogo ya mawakili hapa Tunis ilikusanya maelezo ya vijana waliotoka gerezani. Mwandishi nilikuwa mimi. Karatasi walizotia saini tulizipiga picha, tukazichoma, kwa sababu askari kanzu walikuwa wakiingia ofisini watakavyo. Kila faili nililifunga kwa ufunguo wa siri kwenye kompyuta yangu ya Windows. Kompyuta hiyo ilishakufa zamani. Tulibaki na flashi moja, yenye mafaili na ufunguo wenyewe, ambao nao ni faili dogo tu, na Monji alikuwa amevihamishia vyote kwenye mashine yake ya Linux aliyoinunua Kanada. Kwanza mfumo mpya uling'aka: ufunguo huu wa kizamani, si salama. Monji akaubembeleza asubuhi nzima mpaka ukaupokea. Kisha ukadai neno la siri, na hapo ndipo tulipokwama.

Sasa utawala ule ulikuwa umeanguka, na kesho yake saa tatu kesi ya Fauzi, mmoja wa vijana wale, ingesikilizwa. Fauzi mwenyewe alikuwa kaburini, na bila maelezo yake askari waliomtesa wangekwenda zao nyumbani kula chakula cha mchana. Mama yake, Khalti Mbarka kama tulivyomwita kwa heshima, yaani mama mdogo, alikuwa amefika kutoka Gafsa, ameketi kwenye kochi, mkoba mapajani.

"Binti yangu, lipo au halipo?"

"Lipo, khalti. Limefungwa tu."

"Kalifunga nani?"

"Mimi."

"Basi lifungue."

Monji alikunja mikono ya shati. "Haya, litamke, niandike mimi."

Nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Neno lile refu sikuwahi kulihifadhi kichwani. Nililiandika kila siku kwa miaka miwili mpaka likahamia vidoleni. Niliona aibu, machozi yakanitoka mbele ya yule mama.

"Ngoja," Monji akasema. Aliangalia vidole vyangu, akaangalia kibodi, akajipiga paji la uso. "Wallahi sisi mapunda! Ile yako ya zamani si ilikuwa ya Kifaransa?"

Ilikuwa ya Kifaransa, kama kibodi zetu zote. Pale vidole vyangu vilipozoea kukuta A, mashine ya Kanada ilikuwa na Q, na skrini ilionyesha vidoti tu, tungejuaje? Monji akabadilisha mpangilio. "Usitazame herufi. Fumba macho, andika."

Nikafumba. Faili likafunguka.

Juu kabisa, kwa maneno yangu mwenyewe niliyokuwa nimeyasahau, paliandikwa: *Shahidi anaomba mama yake asisikie haya kamwe.*

Monji alisoma begani kwangu. Mahakamani maelezo hayo yangesomwa kwa sauti, yote, hata yale waliyomfanyia kwa chupa. Fauzi aliniomba jambo moja tu, naye alikuwa ameniamini.

"Khalti," nikasema, "limekataa."

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira.

"Limekataa, au amekukataza yeye?"

Nikaigeuza skrini upande wa ukutani.

"Siku aliyorudi nyumbani," akasema, "nguo zake nilizifua mimi. Nilibadilisha maji mara nne. Alinidanganya kwamba alianguka ngazini, nami nikamwambia pole, mwanangu, ngazi mbaya hizo. Miaka minne tulidanganyana hivyo mpaka akafa. Imetosha. Chapisha."

Nikachapisha. Kesho yake alikaa benchi la mbele, akasikiliza kurasa zote tisa bila kuinamisha kichwa. Aliyetoka nje nilikuwa mimi.