Kilima cha Pili

Kabla ya kuingia maabara, Namalwa alikuwa akipitia kwa mama muuza kuku wa mtaa wa Shieywe kuchukua kichupa cha damu ya kuku. Mama huyo aliacha zamani kuuliza ni ya nini. Seli za kuku ndizo zilizokuwa kipimo cha Namalwa: alizichanganya na seli za binadamu, akazitia rangi, akazipitisha moja moja mbele ya leza ili mashine ipime DNA iliyomo ndani ya kila moja. Kiasi cha DNA katika seli ya kuku ni kilekile siku zote, kwa hiyo kilimwonyesha kama mashine inasema kweli. Seli za kibofu cha mkojo zenye afya hujikusanya kwenye kompyuta kama kilima kimoja. Zenye saratani, mara nyingi, huinua kilima cha pili pembeni.

Utafiti huo wa saratani ya kibofu ulikuwa umechukua miaka, na uchovu ulikuwa umemwingia mpaka mifupani. Stima ilikatika ovyo, vipuri vilichelewa, wenzake walishahama. Ndiyo maana sampuli ya Mzee Erastus wa Malinya ilipoonyesha kilima cha pili, hakushtuka. Alikasirika tu, kama mtu aliyeanika nguo mvua ikazinyeshea. Alisafisha mirija ya mashine, akarudia. Seli za kuku zilikaa mahali pake. Kilima cha mzee kikabaki palepale.

Erastus alichimba dhahabu ujana wake wote, sigara haimtoki mdomoni, na mwaka uliopita alitolewa uvimbe kwenye kibofu. Juzi tu Daktari Cherop, mkuu wa utafiti, alikuwa amemchungulia kibofuni kwa mpira wenye kamera, akaona pasafi, kisha akakisuuza kibofu kwa maji. Maji hayo ndiyo aliyoletewa Namalwa.

Cherop aliitazama grafu. Akasema mashine bado wanaijaribu, haiwezi peke yake kumwambia mtu anaumwa. Lakini ipo saratani inayolala bapa kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, na kamera huweza kuipita bila kuiona. Afadhali mzee arudi, wamkate vinyama vidogo wavipime. Simu ya mzee haikupatikana, na daktari alikuwa na foleni ya wagonjwa, basi ikabidi Namalwa aende.

Alimkuta nje ya nyumba akipukuchua mahindi na bintiye, Navalayo. Namalwa alipomaliza kueleza, Navalayo akaanza kuulizia siku ya kurudi hospitalini, lakini babake alitikisa kichwa. Alisema amechoka kuchunguliwa. Kila mara baadaye mkojo humchoma kama pilipili. Daktari alimwambia yuko safi, naye akasimama kanisani kumshukuru Mungu mbele ya watu. Sasa wanataka nini tena?

"Una hakika kuna ugonjwa?" akauliza.

Namalwa alilijua jibu ambalo lingemwinua mzee pale alipoketi. Hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Sina, mzee. Kuna mwingine tulimrudisha hivi hivi, tukamkata, na hatukupata kitu. Labda hata wewe itakuwa hivyo. Lakini nimerudia, na nilichokiona bado kipo. Nikinyamaza nitakuwa nimekukosea."

Mzee aliendelea na gunzi lake mpaka punje zikaisha.

"Wenye hakika nimewasikia wengi," alisema. "Wewe angalau umesema hujui. Nitakuja Alhamisi."

Vinyama vilipopimwa vilikutwa na saratani, ile bapa. Cherop alimweleza mzee mwenyewe, akaanza kumtia dawa kibofuni kila wiki, dawa iliyo jamaa ya chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga. Ilimpa homa, ikamlaza kitandani, na kuna siku alimwambia Navalayo kwamba hataki tena. Walikuja hata hivyo. Alipokatwa tena baada ya matibabu, hakukuonekana kitu. Cherop alisisitiza kwamba ni kwa sasa tu.

Navalayo ndiye aliyempa Namalwa habari hizo, koridoni, akamshika mkono asiuachie. Namalwa alishukuru, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye benchi akalia kidogo. Usingizi ukamchukua hapohapo, koti la maabara mwilini. Cherop alipofungua mlango akamkuta hivyo, aliurudisha taratibu, akaenda kuizima mashine mwenyewe.